Mwamba, Shimo na Mtumbwi: Ziara ya Maporomoko ya Wagenia na Msamiati Wake

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili, somo la safari ya majini huwa ni somo la bahari. Mwanafunzi hukutana na dau, mashua na ngalawa. Hufundishwa kusi na kaskazi, maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu. Kwa mwanafunzi wa Lamu au Tumbatu maneno hayo ni ya nyumbani. Kwa mwenzake wa Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Bahari ya Hindi, ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Tuchukue mfano wa ziara ya mapango ya bahari. Kwenye mlango wa hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, yamo mapango ya chini ya maji yanayosifika kwa tewa wakubwa. Wageni hupelekwa huko kwa mashua, wakavaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, kisha wakashuka kuogelea juu ya mwamba. Jambo linaloamua kila kitu katika ziara hiyo ni saa ya maji. Hori hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Maji yanapoingia huwa maangavu, kwa kuwa yanatoka baharini. Yanapotoka huja na vumbi la matope ya mikoko, tena kwa nguvu ya kumchukua mtu hadi nje ya mlango. Nahodha asiyejua mwezi umefikia wapi hajui ni lini awashushe watu wake. Hivyo maneno kama bamvua na maji mafu si pambo la lugha: yanabeba ujuzi ambao mtu akiukosa anaweza kupoteza maisha.

Makiso haina bahari wala pango la matumbawe. Hata hivyo, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kwenye maporomoko ya Wagenia, ipo ziara inayofanana na ile ya Mida kwa mambo yake matatu ya msingi: mwamba uliochimbwa na maji, chombo cha kumfikisha mtu kwenye mwamba huo, na wenyeji wanaojua maji yakoje. Makala haya yanaeleza ziara hiyo na namna inavyofanyika. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba maji yale yale anayoyavuka mgeni kwa dakika chache ndiyo yaliyoleta Kiswahili Kisangani, na ndiyo yaliyosababisha lugha hiyo isishuke mbali zaidi; na kwamba msamiati unaosikika ukingoni leo hauwezi kueleweka vizuri bila kuyajua maji hayo.

Mahali penyewe

Kisangani ni mji mkuu wa mkoa wa Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Una komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano za kwanza ziko upande wa ukingo wa kulia wa mto Kongo. Lubunga iko ng'ambo, upande wa kushoto. Makiso ndiyo kitovu cha mji, penye ofisi, soko kuu, kanisa kuu la Kikatoliki linalotazama mto, na bandari. Bandari hiyo ndiyo mwisho wa safari ya vyombo vinavyopanda kutoka Kinshasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,700 za maji yasiyo na kizuizi. Juu ya hapo hakuna meli inayoweza kupita.

Kizuizi chenyewe ni maporomoko ya Boyoma, yaliyoitwa Stanley Falls zama za ukoloni. Ni maporomoko saba yaliyotawanyika katika urefu wa kilomita zipatazo 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na kwa jumla mto hushuka kiasi cha meta 60. Katika mwendo huo mto huukata mstari wa ikweta, kwa kuwa Ubundu iko kusini yake na Kisangani iko kaskazini. Poromoko la saba, la mwisho, ndilo linaloitwa la Wagenia, nalo liko kwenye komini ya Kisangani, juu kidogo ya Makiso ukifuata ukingo wa kulia.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya neno maporomoko lenyewe. Msikiaji hufikiria maji yanayoanguka kutoka juu ya genge, kama yale ya Victoria kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe. Anayefika kwa Wagenia na picha hiyo kichwani hushangaa, pengine hata kuvunjika moyo, kwa kuwa hakuna genge. Kuna mto mpana mno unaoteremka meta chache tu juu ya mwamba mgumu uliojaa ngazi, mifereji na visiwa vya mawe, maji yakigawanyika, yakigongana na kutoka povu. Kiswahili Sanifu hakina neno moja lililozoeleka la kutenga maji ya namna hii na maji yanayoanguka wima. Yote huitwa maporomoko. Si kosa, kwa maana kuporomoka si lazima kuwe kwa wima. Lakini ni upungufu unaosababisha mgeni adharau maji ambayo hayakustahili kudharauliwa. Ubapa wa maporomoko haya ndio hatari yake, kwa sababu mtu hudhani anaweza kuyaingia.

Mashimo ya mwamba na mitego yake

Mapango ya pwani ya Afrika Mashariki yako zaidi katika mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ni laini kwa kiasi chake; huliwa na mawimbi kutoka chini na maji ya mvua kutoka juu, ndiyo maana ukingo wake mara nyingi umebonyea chini na kuning'inia juu kama paa la kibanda. Kijiji cha Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kimepata jina lake kutokana na mapango ya aina hiyo.

Mto hufanya kazi yake kwa njia nyingine. Mwamba wa Wagenia ni mgumu, na maji peke yake hayautoboi upesi. Kinachoutoboa ni mawe na changarawe ambazo mkondo huzinasa mahali penye kibonyeo, ukazizungusha hapo hapo mwaka baada ya mwaka kama mchi ndani ya kinu. Matokeo yake ni mashimo ya mviringo, mengine madogo kama sufuria, mengine ya kumeza mtu. Baadhi huungana na kuwa mifereji na matundu yanayopitisha maji chini ya mwamba. Mashimo hayo ndiyo mapango ya Kisangani, ikiwa neno pango litaruhusiwa kunyooshwa kiasi hicho.

Na ni mashimo hayo yaliyowapa Wagenia riziki. Katika mengi yao wavuvi husimamisha magogo marefu, matatu matatu, miguu yake ikiwa imetiwa ndani ya matundu ya mwamba ili mkondo usiyang'oe. Magogo hayo hufungwa pamoja kwa kamba za msituni, na kati ya fungu moja na jingine hulazwa miti ya kupitia. Hivyo huzuka jukwaa refu la miti linalokatiza maji, ambalo kwa mbali hufanana na kiunzi cha nyumba iliyoachwa bila kuta. Kutoka kwenye jukwaa hushushwa mitego mikubwa iliyosukwa, yenye umbo la faneli, mdomo wake mpana ukielekea juu ya mto, huku mkia mwembamba ukielekea chini.

Mtego huu unahitaji kulinganishwa na ile ya pwani ili ueleweke. Dema la mvuvi wa pwani huwekwa chini baharini na kusubiri: samaki huingia mwenyewe, amevutwa na chambo au akitafuta kivuli, kisha asione njia ya kutokea. Uzio wa pwani nao husubiri, ila kazi yake huifanya kwa msaada wa maji kupwa. Mtego wa Mgenia hausubiri wala hauna chambo. Samaki anayeteremka na mkondo husukumwa ndani kwa nguvu ya maji, na nguvu hiyo hiyo humbana asiweze kugeuka. Kwa sababu hiyo mtego huwekwa mahali ambapo wavuvi wengine wote wangepakimbia, yaani penye mkondo mkali kuliko pote. Neno la Kiswahili lililo karibu nao zaidi ni mgono, mtego wa kusukwa wa mtoni. Lakini mgono anaoujua mvuvi wa mto wa kawaida hubebwa kwa mkono mmoja, ilhali huu huhitaji wanaume kadhaa kuuinua.

Mitego huangaliwa asubuhi na jioni. Mvuvi hutembea juu ya miti iliyolowa bila viatu, hushuka kwenye magogo hadi usawa wa maji, na mara nyingine huingia majini kabisa ili kuufungua mtego au kuukaza. Kila sehemu ya maporomoko ina wenyewe, na haki ya kutega hurithiwa ndani ya ukoo. Mgeni anayedhani anatazama msitu wa miti iliyosimamishwa ovyo, kwa kweli anatazama ramani ya koo.

Mto unapojaa, baadhi ya magogo hung'olewa, na miamba ya chini hupotea kabisa. Mto unapopungua, miamba hujitokeza, mashimo huonekana, na ndipo kazi ya kusimamisha magogo mapya inapowezekana. Kwa vile mto hupokea mvua za pande zote mbili za ikweta, kujaa kwake hakufuati msimu mmoja: huwa na vilele viwili kwa mwaka, na kile cha miezi ya mwisho wa mwaka ndicho kikubwa zaidi.

Namna ziara inavyofanyika

Mtu anayetoka Makiso hufuata ukingo wa kulia kuelekea juu ya mto mpaka kwenye kijiji cha wavuvi. Haingii majini moja kwa moja. Kwanza huonana na wazee wa mahali, hueleza anachotaka, na kupatana nao malipo. Wageni wengine hulalamikia jambo hili, wakaliona kama kizuizi cha kutafutia fedha. Malalamiko hayo hayana msingi imara. Mwamba una wenyewe, kama ilivyokwisha kuelezwa, na anayeingia bila kuaga ni sawa na anayepita katikati ya shamba la mtu. Zaidi ya hayo, wenyeji ndio watakaombeba. Kupatana nao ukingoni ni bora kuliko kubishana nao katikati ya mkondo.

Chombo ni mtumbwi wa gogo moja lililochongwa, mrefu na mwembamba. Wapigaji makafi husimama wima, mmoja nyuma ya mwingine, na makafi yao ni marefu yenye ncha kama jani. (Msomaji wa bara mara nyingi huchanganya kafi na kasia. Kasia hufungwa kwenye ubavu wa chombo na mvutaji huelekeza mgongo kule anakokwenda. Kafi hushikwa kwa mikono tu na mpigaji hutazama mbele. Kwenye maporomoko tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu asiyeona mwamba ulio mbele yake hatafika.) Huyu wa mbele husoma maji, wa nyuma huelekeza. Mmoja huanzisha wimbo na wengine huitikia, na wimbo huo, ingawa humfurahisha mgeni, kazi yake halisi ni kuyaweka makafi yote katika pigo moja.

Mtumbwi haukatizi mto moja kwa moja. Kwanza hupandishwa karibu na ukingo, penye maji yaliyopoa, ukijificha nyuma ya jiwe moja hadi jingine. Nyuma ya kila mwamba mkubwa maji hupumzika, na mahali pengine hata hurudi juu. Wapigaji makafi huyatumia maji hayo yanayorudi kama ngazi. Wakishapanda vya kutosha ndipo huelekeza mtumbwi kwenye mkondo kwa mshazari, wakaacha maji yawateremshe huku wakivuka, ili watokee kwenye mwamba waliokusudia wala si chini yake. Anayevuka kwa mara ya kwanza hudhani chombo kimewashinda. Kumbe kule kuteremka kumo ndani ya hesabu.

Na kuogelea je? Hapa ndipo ziara ya Kisangani inapoachana na ile ya Mida. Miwani na mrija wa mzamiaji havina kazi. Maji ya mto ni ya rangi ya udongo, na mtu akitia uso ndani yake haoni mbali. Mgenia anayeingia majini hufanya kazi kwa mguu na kiganja: hupapasa gogo, hutafuta shimo kwa unyayo, huusikia mkondo ubavuni. Watoto wa kijiji huogelea kwenye vidimbwi vya nyuma ya mwamba wakati mto umepungua, nao hufanya hivyo kwa ustadi unaomtia mgeni tamaa ya kuwafuata. Asiwafuate. Hatari kubwa si kina cha maji bali yale yale mashimo: mguu ukinaswa ndani ya tundu huku mkondo ukisukuma mgongo, mtu hulazwa kifudifudi na hawezi tena kujiinua, hata kama maji hayamfiki kiunoni. Matundu yanayopita chini ya mwamba nayo huvuta bila kuonyesha dalili yoyote juu. Kwenye maji yaliyotulia kabisa kuna hatari nyingine ya kimya, ambayo ni kichocho. Mgeni mwenye busara huoga mahali atakapoonyeshwa na mwenyeji, au huridhika kukaa juu ya jiwe na kulowa kwa manyunyu.

Bahari humpa mtu onyo la saa: maji yatajaa, yatapwa, kesho yatachelewa kidogo. Mto hautoi saa. Hutoa majira, na katika majira hayo hubadilika kwa mvua iliyonyesha mbali, pengine kule juu ambako mbingu hazionekani kutoka Kisangani. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwa msamiati wa pwani, akiuliza ukingoni kama sasa maji yanajaa au yanakupwa, atajibiwa, lakini atakuwa ameuliza jambo jingine. Kujaa kwa Mida ni kwa saa sita. Kujaa kwa Wagenia ni kwa wiki nyingi.

Wenye mitumbwi na safari ya lugha

Wagenia hujulikana katika maandishi kwa majina kadhaa: Enya, Wenya, Genya, Wagenya. Ni watu wa mto, na makazi yao hayakuishia Kisangani. Walikuwako pia juu, kwenye Lualaba, hadi Nyangwe katika nchi ya Maniema. Umuhimu wao katika historia ya Kiswahili haujasisitizwa vya kutosha. Misafara ya waungwana na Waarabu kutoka pwani ilikuwa misafara ya miguu. Ilipofika Nyangwe iliukuta mto mkubwa, na vyombo vya mto huo vilikuwa mikononi mwa watu hao. David Livingstone alikaa Nyangwe kwa miezi kadhaa mwaka 1871 akitafuta mitumbwi bila kuipata. Verney Lovett Cameron naye alifika mwaka 1874, akaikosa vilevile, ikambidi ashike njia ya kusini. Bunduki zilikuwako, bidhaa zilikuwako, lakini asiyekuwa na mtumbwi alibaki ukingoni.

Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe Novemba 1876 pamoja na msafara wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Waliachana mwishoni mwa Desemba, na Januari 1877 Stanley na watu wake waliyapita maporomoko saba kwa taabu, wakiburura mitumbwi nchi kavu huku wakipigana na wenyeji waliokuwa wakilinda mto wao. Desemba 1883 alirudi, safari hii kutoka chini ya mto kwa meli za mvuke, akaanzisha kituo kwenye kisiwa karibu na poromoko la mwisho. Kwa wakati huo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kushuka kutoka juu. Mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe aliteuliwa kuwa liwali wa Maporomoko kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, kazi aliyoifanya hadi alipoondoka kurudi Unguja mwaka 1890. Habari hizo alizieleza kwa Kiswahili katika tawasifu yake, iliyotolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Vita vya 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala wa watu wa pwani, lakini havikuimaliza lugha yao.

Jiografia ya mto ndiyo iliyoamua mpaka. Kiswahili kiliteremka na Lualaba kutoka Maniema, kwenye mitumbwi, poromoko kwa poromoko. Kilipofika la saba kilikutana na meli. Meli hizo zilipanda kutoka chini zikiwa na mabaharia, askari na makarani, na lugha iliyokuwa ikikua kati yao ndiyo Lingala. Chini ya Makiso mto ni barabara ya Lingala. Juu ya Wagenia ni barabara ya Kiswahili. Reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906 kati ya Kisangani, wakati huo Stanleyville, na Ubundu, wakati huo Ponthierville, iliyazunguka maporomoko na kuwaunganisha watu wa pande mbili, lakini haikuuondoa mpaka. Iliufanya tu uwe ndani ya mji.

Maneno ya ukingoni

Kiswahili cha sehemu hizi kiliitwa Kingwana na wamisionari na wasimamizi wa kikoloni, jina linalotokana na waungwana wa misafara. John Whitehead, mmisionari aliyekuwa Wayika kwenye Lualaba, alikitolea kitabu cha sarufi mwaka 1928. Katika uchunguzi wa karibuni, Nico Nassenstein alichapisha mwaka 2015 maelezo ya Kiswahili cha Kisangani kama kinavyosemwa mjini. Sifa inayotambulika upesi ni kiambishi ba- mahali pa wa-: batu, si watu. Maji nayo ni mayi.

Sasa jina Wagenia huwa ushahidi wa kupendeza. Mji unaosema batu umehifadhi wa- katika jina la watu wake wa kale zaidi. Jina hilo liliandikwa na wageni waliolisikia kwa midomo ya watu wa pwani, likaingia katika Kifaransa cha serikali likiwa na kiambishi chake, na halikubadilika tena. Wapo wanaolifafanua kuwa ni wageni tu. Ufafanuzi huo unavutia masikio lakini unapindua mambo: hao ndio waliokuwa wenyeji, na waliowapa jina ndio waliokuwa wageni.

Jina Kisangani nalo lina mtego wake. Msemaji wa Kiswahili Sanifu hujua kisanga kuwa ni mkasa au balaa, kama katika visa na visanga, na mwanafunzi wa Dar es Salaam husamehewa akidhani mji umeitwa penye mikasa. (Historia ya mji, kuanzia matukio ya 1964 hadi mapigano ya majeshi ya Uganda na Rwanda mwezi Juni 2000, ingempa hoja.) Lakini maelezo yanayotajwa mara nyingi huhusisha jina hilo na kisiwa, na Lingala huyapa nguvu, kwa kuwa kisiwa kwa Lingala ni esanga. Kiambishi -ni cha mahali ndicho kilichobaki kuwa muhuri wa Kiswahili.

Kuhusu maji yenyewe, hasara na faida ya lugha huonekana wazi. Bamvua, maji mafu, kusi na kaskazi havikuvuka maporomoko; havikuwa na kazi huku. Mahali pake pana mhimili mwingine wa dira, yaani juu na chini ya mto, ambao katika Lingala huitwa likolo na ngele. Mwenyeji wa Kisangani huelekeza njia kwa mto kama mtu wa Unguja anavyoelekeza kwa pepo. Lakini sehemu za mtego wa Wagenia, vifundo vya kamba zake, aina za mashimo ya mwamba na namna za mkondo, vyote hivyo vina majina katika lugha ya Kienya, na ni machache mno yaliyopata kuandikwa kwa Kiswahili. Waelekezaji wa ziara wakimweleza mgeni hutumia neno la Kifaransa la mtego, kisha huonyesha kwa kidole. Kamusi za Kiswahili Sanifu, ikiwamo ile ya 1981 ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, zimekusanya kwa bidii msamiati wa uvuvi wa pwani. Uvuvi wa mto mkubwa kuliko yote katika eneo la wasemaji wa Kiswahili bado haujapata mkusanyaji wa kiasi hicho. Wanafunzi wa Kisangani wanaotafuta mada ya tasnifu wamekaa karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote, na mzee anayejua jina la kila shimo hawezi kusubiri miaka yote.

Mitego ya jioni ikishainuliwa, samaki huletwa ukingoni, na wachuuzi wanawake huwa wamekwisha kufika na mabeseni yao. Kutoka hapo samaki huteremka hadi soko kuu la Makiso. Mnunuzi anayeuliza kwa Kiswahili bei ya samaki atajibiwa kwa Kiswahili. Akiuliza ni samaki gani, atatajiwa mbenga, yule mwenye meno makali, au mboto, majina ya Lingala. Au kapitene, jina la Kifaransa lililokwisha kupata sauti za Kibantu. Neno samaki limefika kutoka pwani likiwa zima. Samaki wenyewe, mmoja mmoja, wamebaki na majina ya mto.